Fibre ya motokari: vumbi ni vumbi

Bandugu, kule shimoni tunadai maji kwenye mashine ya kutoboa jiwe, sababu vumbi inakula mapafu. Lakini siku ya Mungu, mu parseli zetu za Kikula na Panda, tunakwangua parshoki ya fibre kavu-kavu, watoto wanacheza pembeni!

Kipande kipya kinabakia na nta waliyopakaa kusudi kitoke mu kalibu. Tukioshe kwanza na maji ya sabuni. Tukianza kwa kukwangua, nta inaingia ndani na rangi itabanduka.

Kisha tukwangue na maji: msasa 180, halafu 320. Kikishakauka kabisa, vitundu tuvizibe na mastiki. Hiyo inakunywa maji, basi tuikwangue kavu, lakini inje, mbali na watoto. Nyuma apreti, msasa 400, ndipo rangi.

Kitambaa mdomoni hakitoshi: kukwangua kunaomba maske ya vumbi, kupuliza rangi kunaomba ile ya kaboni. Na nguo zetu tusizifue pamoja na za watoto.

Nyumbani hakuna mkubwa wa kazi wa kudai. Ni sisi wenyewe.