Muuguzi Katika Uongozi wa Chuo Kikuu
Ustadi wa wodini pekee haumfanyi muuguzi kuwa kiongozi wa kitivo. Wodini humhudumia mgonjwa; ofisini hukabiliwa na bajeti, mitaala na uajiri wa wahadhiri. Mfano mwafaka ni Mary Adelaide Nutting, aliyeongoza shule ya wauguzi ya Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, kabla ya kuwa profesa katika Teachers College, New York, mwaka wa 1907. Nutting alitambua kwamba shule inayotegemea fedha za hospitali huwageuza wanafunzi kuwa vibarua, hivyo akatetea shule zenye fedha zao zenyewe. Basi, anayepanda cheo hana budi kujifunza kusoma hesabu kama alivyojifunza kusoma dalili za ugonjwa. Asipofanya hivyo, watakaoumia ni wanafunzi.