Kuthubutu Kubadili Njia

Huko Magarama, mjini Gitega, kama kwingineko, wapo wanaotamani kuanza kazi mpya lakini hofu huwafunga miguu. Na wamkumbuke Vénuste Niyongabo. Mwaka 1995 alipata medali ya shaba ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia. Mwaka 1996 huko Atlanta, Burundi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi hiyo, naye akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa amezikimbia mara mbili tu. Alitwaa dhahabu. Hakukurupuka, miguu yake ilikwisha kuzoezwa. Basi mama anayetaka kufungua duka, na askari anayekaribia kustaafu, wajiandae kwanza, kisha wathubutu.