Mikro moja ya gitare inalia, ingine inanong'ona: tafuteni kosa mbele ya kununua

Wapiga gitare wa korali na orkestra, Kasongo kama Kabambare, wanaijua hii shida. Ukiweka kifungo upande wa shingo, bafle inajaa sauti. Ukigeuza upande wa daraja, waimbaji wanaifunika. Ao kamba tano zinasikika vizuri, moja inapotea. Mara moja watu wanasema: mikro imekufa. Michango ya korali inatoka kwa kuagiza ingine Kindu ao Bukavu, na kumbe mara nyingi ile ya kwanza ilikuwa nzima.

Mikro inayosemwa hapa si ile ya kuimbia, ni kile kisanduku kilicho chini ya kamba. Ndani yake kuna sumaku na bobini ya waya ya shaba, nyembamba kama unywele, iliyozungushwa mara maelfu. Ni ndugu ya dinamo ya baiskeli. Kamba ya chuma ikitikisika juu ya sumaku, kurani ndogo sana inazaliwa ndani ya waya, na ampli inaikuza. Kwa hiyo kamba ikiwa mbali, ao ikiwa na chuma kidogo, sauti inapunguka.

Kwanza, kamba. Kamba za gitare isiyo ya umeme mara nyingi zimezungushiwa bronzi, na sumaku haivuti bronzi. Ukizifunga kwa gitare ya umeme, zile nene zinasikika kidogo, nyembamba zinapiga kelele. Kamba ya nailoni haitoi kitu kabisa. Kwa muziki wetu kuna sababu ingine: mpiga mi-composé anatoa kamba ya nne, anaweka nyembamba iliyopandishwa oktavi moja. Chuma kimepunguka, basi sauti pia. Kama mikro iko na visi chini ya kila kamba, pandisha kidogo ile ya nne.

Pili, urefu wa mikro. Karibu na shingo kamba inacheza sana kuliko karibu na daraja. Mikro mbili zikiwekwa sawasawa, ya shingo itashinda. Kamata kamba kwa kichuma cha mwisho cha shingo, kisha pima nafasi kati ya kamba na mikro: milimita 2 upande wa daraja na 3 upande wa shingo ni mwanzo mzuri. Geuza visi za pembeni nusu mzunguko, sikiliza, rudia. Usizidishe: sumaku ikikaribia sana inavuta kamba, na gitare haikubali tena kupatana.

Tatu, njia ya kurani. Badilisha kable. Kama mikro zote mbili ni zaifu, kosa linaweza kuwa kwa kable ao ampli. Halafu chagua mikro moja, uigonge polepole na ncha ya turnevisi. Bafle inapaswa kujibu "tok". Fanya vile kwa ya pili. Mikro pana yenye bobini mbili, gonga pande zote: upande mmoja ukinyamaza, bobini moja haifanyi kazi. Geuza kifungo mara nyingi pia, maana vumbi na unyevu vinakata kurani.

Nne, multimetre. Fundi wa radio ao wa simu anayo. Kwanza toa kable kwa ampli, iache kwa gitare, fungua volyumu zote mpaka mwisho, kisha pima kwa jaki, kati ya ncha na mwili wake. Mikro ya bobini moja kawaida inasoma kilo-om 5 mpaka 8. Ya bobini mbili, 7 mpaka 16. Ikisoma karibu 250 ao 500, hapo unapima kifungo cha volyumu peke yake: bobini ao waya wake umekatika. Angalia kwanza pale waya ulipoungwa na risasi, maana kuunga upya ni kazi ya dakika chache.

Ampli yenyewe isifunguliwe na asiyejua. Hata ukiichomoa, ndani inaweza kubakia na umeme wa kuua mtu.

Kama waya umekatikia ndani ya bobini, hapo ni haki kununua. Anayesafiri abebe ile ya zamani, kwa sababu mikro hazilingani upana, na ingine inaweza kukataa kuingia kwa tundu la gitare yenu.