Gobori za Mifuo Zinazotengenezwa Upya, na Jinsi ya Kuzipiga kwa Salama

Gobori si neno geni kwa wasomaji wetu. Wazee wengi wa bara wameiona ikining'inia ukutani, na wengine wameishika mikononi mwao walipolinda mashamba wasiingie nguruwe na nyani. Lakini iko gobori ya namna nyingine ambayo haikuenea sana katika nchi zetu, nayo ni gobori yenye mifuo ndani ya kasiba. Bunduki hizo zilikuwa silaha kuu ya askari wa miguu wa Ulaya na Amerika kwa muda mfupi katikati ya karne ya 19, kisha zikaachwa. Leo zinatengenezwa upya viwandani, na watu wengi huzinunua, si kwa vita, bali kwa kupiga shabaha na kuonja kazi ya askari wa kale. Twapenda kueleza ni bunduki za namna gani, kwa nini zimefufuliwa, zinashindiliwaje, na hatari zake ni zipi. Maana baruti haimjui bwana wake, na mwenye gobori kuukuu kijijini na mwenye gobori mpya ng'ambo wote wawili huumizwa na makosa yale yale.

Kwanza yafaa tujue mfuo ni nini. Kasiba ya gobori ya kawaida ni laini ndani kama bomba. Risasi yake ni ya mviringo, nayo hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu ili ishuke upesi. Ikipigwa hugonga huku na huku ndani ya kasiba, na ikitoka haina njia ya hakika. Askari aliyemlenga mtu mmoja kwa umbali wa yadi 100 hakuwa na hakika ya kumpata. Mafundi wa zamani walijua dawa yake, yaani kuchonga ndani ya kasiba mifuo inayozunguka kama uzi wa skurubu. Risasi ikishika mifuo hiyo hutoka huku inazunguka, na kitu kinachozunguka hushika njia yake, kama pia ya watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Taabu ilikuwa moja: ili ishike mifuo, risasi haina budi kubana, na risasi inayobana ni kazi kubwa kuishindilia, hasa kasiba ikiisha kuingia masizi. Kwa hiyo bunduki za mifuo zilikuwa za wawindaji na askari wachache, wala si za jeshi zima.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1849 na ofisa mmoja wa Ufaransa, Claude-Étienne Minié, akiendeleza kazi ya wenziwe waliomtangulia. Risasi yake ilikuwa ndefu, imechongoka mbele, na nyuma ina shimo kama kikombe. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko tundu, hushuka bila ya shida. Baruti ikiwaka, nguvu yake huingia katika lile shimo, ikazitanua kingo za risasi mpaka zikaibana mifuo. Basi risasi huingia kwa urahisi na kutoka kwa kubana. Minié alitia kipande cha chuma ndani ya kikombe ili kisaidie kutanua. Huko Marekani, James Burton wa kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry aliona kwamba chuma hicho si lazima, na mwaka 1855 jeshi la Marekani likaikubali risasi isiyo na chuma.

Waingereza walitoa bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853. Tundu lake lilikuwa inchi 0.577, kasiba yake inchi 39, mifuo yake mitatu, na uzito wake yapata ratili tisa na nusu. Ndiyo bunduki iliyotajwa sana katika maasi ya askari wa Bara Hindi mwaka 1857, kwa kuwa ilivuma habari ya kwamba karatasi za risasi zake zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, na askari walipaswa kuzing'ata kwa meno. Jambo hilo liliwachukiza Wahindu na Waislamu pia. Marekani nako walitengeneza bunduki ya Springfield ya mwaka 1861, yenye tundu la inchi 0.58 na kasiba ya inchi 40. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, 1861 hata 1865, Springfield na Enfield ndizo zilizotumiwa kupita nyingine zote, na Enfield zilinunuliwa Uingereza kwa mamia ya maelfu na pande zote mbili.

Lakini enzi yake ilikuwa fupi. Mwaka 1866 Waingereza walianza kuzikata Enfield zao na kuzitia mtambo wa Snider, zipate kutiwa risasi kwa nyuma. Na pengine msomaji atauliza: mbona wazee wetu walizoea zaidi gobori laini kuliko hizi za mifuo? Sababu moja ni biashara, kwa kuwa gobori za kale zilikuwa rahisi. Sababu nyingine ni Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa yaliyotia sahihi yalikataza bunduki za mifuo zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa ruhusa maalum, lakini yaliacha nafasi ya kuuza gobori za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida.

Sasa tueleze kufufuka kwake. Baada ya vita vya pili vya dunia, watu wa Marekani waliopenda mambo ya kale walianza kushindana kupiga shabaha kwa bunduki za babu zao. Mwaka 1950 walianzisha chama kiitwacho North-South Skirmish Association, ambacho uwanja wake mkubwa, Fort Shenandoah, uko karibu na mji wa Winchester katika Virginia. Hushindana kwa vikosi. Kikosi cha bunduki kina watu wanane, nao hupiga vyungu na vigae vilivyotundikwa, na kikosi kinachovimaliza kwa muda mfupi ndicho kinachoshinda. Uingereza nako chama cha wapiga gobori kilianzishwa mwaka 1952. Lakini bunduki za asili zilikuwa chache, nyingi zimeliwa na kutu, na nyingine ni amana ya historia isiyofaa kuchakazwa. Kwa hiyo mafundi wakaanza kutengeneza mpya kwa mfano wa zile za kale. Wengi wao wako Italia, katika mji wa Gardone Val Trompia karibu na Brescia, mahali palipojulikana kwa ufundi wa bunduki tangu karne nyingi. Na katika miaka ya 1970 kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ilianza kuuza Enfield zilizofuatisha kwa uangalifu vipimo vya asili.

Bunduki hizi mpya zafanana sana na za kale, lakini si sawasawa kabisa. Kasiba za sasa ni za chuma cha pua. Katika nyingi mifuo ina kina kimoja toka mwanzo hata mwisho, hali katika bunduki nyingi za kale kina chake kilizidi upande wa nyuma. Tena matundu hutofautiana kidogo, hata kwa bunduki mbili za kiwanda kimoja. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara hupima kwanza tundu la bunduki yake, ndipo atafute kalibu ya risasi. Risasi ifaayo ni ile iliyo nyembamba kuliko tundu kwa elfu moja au elfu mbili tu za inchi. Ikipungua zaidi, haitatanuka vema na shabaha itapotea, ikizidi, haitashuka. Na risasi hiyo husubiwa kwa madini laini ya risasi yasiyochanganywa na kitu, maana madini magumu hayatanuki. Anayesubu afanye kazi mahali penye hewa, wala asikaribishe maji, kwa kuwa tone moja likiingia katika madini yaliyoyeyuka huyarusha usoni pake. Akiisha na anawe mikono kabla ya kula, kwa maana madini ya risasi ni sumu.

Baruti nayo ni baruti nyeusi tu, yaani ile ya shura, makaa na kiberiti upele. Hapa twasema kwa nguvu: kamwe usitie katika gobori baruti isiyotoa moshi, ile iliyomo katika risasi za bunduki za kisasa. Nguvu yake ni nyingine kabisa, nayo huweza kuipasua kasiba mara moja na kumwondolea mtu mkono au macho. Ndiyo maana kasiba za bunduki hizi mpya huandikwa kwamba ni za baruti nyeusi peke yake, tena hujaribiwa na kupigwa mhuri kabla ya kuuzwa. Kasiba isiyo na mhuri, au iliyotengenezwa kwa bomba la maji na mhunzi wa mtaani, haina mtu aliyeithibitisha, na anayeipiga huweka uso wake karibu na jambo asilolijua.

Jinsi ya kushindilia ni hii. Kwanza mpigaji hutumbukiza mdeki ndani ya kasiba ili kuhakikisha kwamba haina kitu. Mdeki uliotiwa alama humwonyesha kasiba tupu yafika wapi, na yenye baruti na risasi yafika wapi. Kisha huweka fataki tupu juu ya kifa, yaani kile kichuchu chenye tundu, huuelekeza mtutu kwenye jani chini, na kufyatua. Jani likitikisika, njia ya moto i wazi. Ndipo hupima baruti kwa kipimo kidogo, wala hamimini kutoka katika pembe au chupa yake, kwa sababu cheche iliyosalia ndani ya kasiba yaweza kuiwasha baruti yote mkononi mwake. Askari wa Marekani alipewa greni 60, yaani kama gramu nne; wapiga shabaha wengi wa leo hutumia pungufu ya hapo. Kisha hutia risasi iliyopakwa nta na shahamu, ncha yake juu, na kuisukuma kwa mdeki mpaka ikalie baruti. Nafasi isibaki kati ya risasi na baruti, kwani kasiba huweza kuvimba au kupasuka. Wakati wote huo uso wake uwe mbali na mtutu, naye aushike mdeki kwa vidole, si kwa kiganja. Mwisho huondoa mdeki, na baada ya yote, akiisha kuelekea shabaha, ndipo huweka fataki.

Mambo haya ni mepesi kuyasoma, lakini mtu mwenye haraka au hofu huyasahau. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani. Kwa hesabu iliyoandikwa, kiasi cha 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili ndani. Maelfu zilikuwa na tatu au zaidi. Wenyewe walikuwa askari waliofundishwa kushindilia mara tatu kwa dakika moja. Katika kelele na moshi, mtu alifyatua, fataki isiwashe baruti, naye asitambue. Akashindilia tena juu ya ile ya kwanza. Ikiwa askari walikosea hivyo, sembuse mtu anayezungumza na rafiki zake uwanjani? Kwa hiyo bunduki isipolia, mpigaji asiishushe wala asichungulie mtutu. Aendelee kuielekeza kwenye shabaha kwa dakika moja kamili, maana moto huweza kuchelewa njiani.

Kazi haikwishi mlio ukiisha. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na kasiba iliyolazwa bila ya kusafishwa huanza kutu upesi sana. Mwenye kuipenda bunduki yake huiosha siku ile ile kwa maji ya moto na sabuni, huikausha barabara, kisha huipaka mafuta.

Jambo la mwisho ni sheria. Katika Marekani, sheria kuu ya mwaka 1968 haizihesabu gobori hizi pamoja na bunduki za kisasa, ingawa majimbo mengine yana amri zake. Uingereza anayetaka kuipiga bunduki mpya ya mifuo hana budi kupata cheti cha polisi, na kwa baruti nyeusi apate cheti kingine. Hapa kwetu mtu asidanganywe na umri wa silaha. Katika Tanzania, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuwa na silaha ya moto bila ya leseni ni kosa, na watu wamefungwa kwa ajili ya gobori. Aliyerithi gobori ya marehemu babu yake asiifiche darini, wala asijaribu kuifyatua ili aone kama ni nzima; huenda babu aliiacha imeshindiliwa. Asiiguseguse, bali apeleke habari polisi.

Haya ndiyo tuliyotaka wasomaji wetu wayajue. Bunduki hizi ni ukumbusho wa ufundi wa ajabu, na wapo wanaozipiga miaka mingi bila ya kuumia hata kidole. Siri yao ni moja tu: hawafanyi haraka, na kila mara huanza kwa kutumbukiza mdeki.