Rili ya Mtoto ya Kuvulia Baharini: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Same na Milima ya Upare

Wilaya ya Same haina pwani, lakini barabara inayopita Mombo, Korogwe na Segera humfikisha msafiri Tanga katika siku moja. Likizo za Juni na Desemba huwapeleka huko watoto wa Upare wenye ndugu mjini Tanga, Muheza au Pangani. Mtoto aliyezoea kuvua perege kwa ufito katika Bwawa la Kalimawe au Nyumba ya Mungu huomba sasa rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Mzazi huinunua Same au Moshi kabla ya safari, mbali na bahari itakamotumika na mbali na wavuvi ambao wangemshauri. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi huyo anaweza kuyakagua mwenyewe dukani, kabla hajalipa.

Chumvi hufanya kazi kabatini

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani ya rili, hufyonza unyevu wa hewa na kuendelea kuila metali taratibu. Hapa ndipo hali ya mnunuzi wa Same inapotofautiana na ya mvuvi wa Tanga. Mvuvi wa pwani huitumia rili yake mara kwa mara, akaona dalili za kutu mapema na kuzishughulikia. Rili ya mtoto wa Upare huingia baharini kwa siku chache, kisha huwekwa kabatini hadi likizo ijayo. Tambarare ya Same ni kavu, lakini nyumba za Suji, Chome na Mamba hufikiwa na ukungu wa mlimani, na unyevu huo unatosha kuiamsha chumvi iliyosalia.

Kwa sababu hiyo, rili ya aina hii aghalabu huharibika ikiwa imehifadhiwa, wala si wakati wa kuvua. Mnunuzi hana budi kujiuliza kwanza: je, rili hii inaweza kusuuzwa, kufunguliwa na kukaushwa nyumbani, bila fundi? Ikiwa haiwezi, nguvu zake nyingine zitamfaa mtoto kwa safari moja tu.

Maandishi ya boksi na ukweli wake

Picha ya samaki mkubwa, au maneno yanayosema kwamba rili ni ya baharini, si uthibitisho wa ubora. Mambo matatu huwapotosha wanunuzi zaidi.

La kwanza ni idadi ya beringi. Boksi likiandikwa "5+1" au "10+1", wengi hudhani kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa. Beringi huifanya rili izunguke kwa wepesi, lakini beringi za bei ya chini zisizo na kinga ndizo hushika kutu mapema. Kwa mtoto anayevua baharini, beringi chache zilizokingwa vizuri zina faida kuliko nyingi zisizokingwa.

La pili ni mng'aro. Milima ya Upare iliwahi kusifika kwa wahunzi wa Ugweno, wa ukoo wa Washana, na mhunzi hapimi chombo kwa kung'aa kwake. Rangi ya fedha yaweza kuwa plastiki iliyopakwa tu. Plastiki ngumu si kasoro, kwa kuwa haishiki kutu. Kilicho muhimu ni skrubu, ekseli, gia na waya wa kuongozea mshipi. Alumini nayo haitoi kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma katika maji ya chumvi huliwa na kuacha unga mweupe.

La tatu ni rili zilizofunikwa mbele, ambazo huuzwa kwa wingi pamoja na fimbo fupi za watoto. Ni rahisi kuzitumia na mshipi wake hautatiziki sana. Hata hivyo mshipi hukaa ndani ya kifuniko, pamoja na mchanga na maji ya chumvi. Zinafaa bwawani. Kwa ufukwe wa bahari, rili ya wazi, ambayo mshipi wake unaonekana, ni salama zaidi kwa sababu husuuzwa kwa urahisi.

Ukaguzi wa dakika tano dukani

Mwombe muuzaji aitoe rili ndani ya boksi, kisha fanya yafuatayo:

1. Zungusha mkono wake polepole, ukiweka sikio karibu. Mzunguko uwe laini, usio na mikwaruzo wala kusitasita.
2. Shika mkono huo na uutikise. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Ukiyumba sana, gia hazikukaa sawasawa.
3. Fungua na kufunga waya wa kuongozea mshipi mara kumi. Usikwame, wala usijifunge wenyewe.
4. Legeza breki, vuta mshipi kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo. Mshipi utoke kwa ulaini katika kila hatua. Breki inayoshika ghafla hukata mshipi samaki anapovuta.
5. Ondoa sehemu inayobeba mshipi, kisha irudishe. Kama huwezi kufanya hivyo dukani kwa dakika moja, hutaweza kuisafisha nyumbani.
6. Mpe mtoto aishike, ikiwa yupo. Rili yenye namba kati ya 2500 na 4000 huwatosha watoto wengi. Iliyo kubwa zaidi huchosha mkono na fimbo huelemea mbele.

Uliza pia kuhusu vipuri, hususan mkono wa kuzungushia na waya. Ikiwa muuzaji hana na hajui vinapopatikana, linganisha na duka jingine.

Je, rili ni ya lazima?

Kwa mtoto mdogo, jibu la haki mara nyingi ni hapana. Watoto wa pwani hujifunza uvuvi kwa mshipi wa mkono: uzi wa nailoni uliokunjwa kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki, chubwi na ndoana moja. Hauna chuma cha kushika kutu isipokuwa ndoana, nayo hubadilishwa. Ikiwa fedha zilizopo zinatosha rili dhaifu tu, mshipi wa mkono utamfurahisha mtoto zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Rili nzuri inaweza kusubiri mwaka mwingine.

Haki yako kisheria

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kusudi la ununuzi wake, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kulifaa kusudi hilo.

Basi lisema kusudi lako waziwazi kabla ya kulipa: "Rili hii ni ya mtoto, ataitumia baharini Tanga." Akikuhakikishia kwamba inafaa, mwombe aandike maneno "kwa matumizi ya baharini" kwenye risiti au kwenye karatasi yenye jina la duka. Dai risiti ya kielektroniki, na uhifadhi boksi. Kasoro ikijitokeza, acha kuitumia rili, ipige picha, kisha rudi kwa muuzaji mapema. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa maandishi katika Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala za vielelezo hivyo.

Matunzo baada ya kila siku ya uvuvi

Usiilaze rili mchangani. Jioni, kaza breki ili maji yasipenye ndani yake, kisha mwagia rili maji baridi yasiyo na chumvi, polepole. Lita moja inatosha. Usiitumbukize ndooni, wala usitumie maji ya bomba yenye kasi, kwani husukuma chumvi ndani. Ifute, ikaushe kivulini, halafu legeza breki.

Kabla ya kuiweka kabatini kwa miezi, ondoa sehemu inayobeba mshipi, futa ekseli, na utie tone moja la mafuta ya cherehani penye mizunguko. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa huganda. Ihifadhi katika kitambaa kikavu badala ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ambao huzuia unyevu usitoke.

Mwisho, kabla mtoto hajatupa ndoana, uliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri husika kuhusu kibali na mahali panaporuhusiwa. Sehemu ya pwani kati ya Pangani na Tanga imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, na uvuvi ndani yake una masharti yake.