Mgonjwa, usimfiche muuguzi dawa ya miti shamba

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wapo wagonjwa waliolazwa hospitalini ambao maradhi wameyataja yote, lakini wanaficha dawa. Ndani ya kikapu cha chakula huwamo chupa ya miti shamba iliyochemshwa nyumbani, nayo hunywewa muuguzi akishapita.

Hali hiyo inaeleweka. Mkazi wa Kwakoa, kata iliyoko katika tambarare chini ya milima ya Upare, wilayani Mwanga, akitaka kufika hospitali za Usangi au Same, au ile ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, huhitaji nauli, muda na mtu wa kumsindikiza. Kabla ya safari hiyo, familia hujaribu kwanza kilicho karibu: mwarobaini kwa homa, shubiri kwa tumbo, asali kwa kikohozi, kukandwa kwa maji ya moto kwa maumivu ya viungo. Mgonjwa anapofika wodini, huenda tayari ana dawa mwilini. Asiposema, anayemhudumia hawezi kujua.

Dawa mbili zinapokutana

Mwili hauulizi kama dawa imetoka kiwandani au porini. Zote hupita katika ini na figo, na zikikutana moja yaweza kuongeza nguvu ya nyingine au kuipunguza.

Mfano wa kutisha zaidi uko katika wodi ya wazazi. Ipo miti shamba inayokaza misuli ya mji wa mimba. Mama aliyekunywa dawa hiyo akiwekewa na dripu ya kuongeza uchungu, mji wa mimba waweza kuchanika na mtoto akakosa hewa. Mkunga aliyeambiwa mapema angeisubirisha dripu hiyo na kumwita daktari.

Mgonjwa wa kisukari anayechanganya sindano ya insulini na mizizi inayoshusha sukari anaweza kupoteza fahamu. Shubiri inayoharisha kwa siku nyingi hupunguza madini ya potasiamu, jambo la hatari kwa anayetumia dawa za moyo au za kukojoza. Vitunguu saumu vikitumiwa kwa wingi pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda, huongeza uwezekano wa kutoka damu nyingi, hasa wakati wa upasuaji.

Mwaka 2000, watafiti nchini Marekani walibaini kuwa mmea uitwao St. John's wort, unaotumiwa na watu wenye huzuni, ulishusha sana kiwango cha mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika damu. Mtumiaji alimeza vidonge vyake kila siku, lakini havikuwa na nguvu iliyotarajiwa.

Hatari nyingine ni kuacha dawa kabisa. Mwaka 2011, maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa Sh 500. Baadhi yao waliacha dawa za UKIMWI wakiamini wamepona, na wengine walitolewa wodini wakiwa mahututi wakafia njiani.

Tiba zinazosaidia

Hata hivyo, si kila tiba ya nyumbani ni adui wa hospitali. Kukanda mgongo kwa mikono au kwa kitambaa cha maji ya moto humpunguzia mama maumivu ya uchungu wa uzazi. Asali iliyosafishwa kitabibu husaidia baadhi ya majeraha ya moto kupona haraka. Nyimbo, sala na mazungumzo na ndugu hupunguza hofu, hasa kwa wagonjwa wa saratani.

Lakini kila moja ina mipaka. Mguu uliovimba ghafla usikandwe, kwani huenda una damu iliyoganda, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni laweza kuua. Tumbo la mama aliyejifungua kwa upasuaji lisikandwe. Asali ya porini isipakwe kwenye kidonda, wala mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali.

Sheria na mfano wa Tanga

Serikali inazitambua huduma hizi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, ambacho sasa ni taasisi kamili.

Katika mkoa jirani wa Tanga, miaka ya 1990, waganga wa jadi walifanya kazi na watumishi wa Hospitali ya Bombo kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia wananchi wa kawaida. Kila upande ulijua mwenzake anampa mgonjwa nini.

Muuguzi aulize, mgonjwa aseme

Ndiye muuguzi anayekaa na mgonjwa usiku na mchana, hivyo swali hili ni lake. Akiuliza kwa ukali, "Umekunywa dawa za kienyeji?", atajibiwa hapana. Akisema kwa upole, "Mama, pole na safari. Kabla ya kuja huku nyumbani walikusaidia na nini?", atapata jibu, naye aliandike kwenye faili.

Mgonjwa naye ataje dawa aliyotumia, lini na kiasi gani. Kama haijui jina, ndugu walete jani, gome au chupa yenyewe. Asiongeze dawa ya nyumbani akiwa wodini bila kuuliza, wala asiache ya hospitali kwa sababu amepata nyingine.

Chupa iliyo ndani ya kikapu ihamie mezani, ionekane. Daktari akijua kilichomo, anaweza kubadili dawa kabla madhara hayajatokea.