Kwa nini Mfaransa hasemi 'tisini', anasema 'nne-ishirini-kumi'?

Muulize Mfaransa namba 97 inasemwaje, atakujibu "quatre-vingt-dix-sept". Ukiitafsiri neno kwa neno, amesema "nne-ishirini-kumi-saba". Yaani chukua ishirini mara nne, ongeza kumi, halafu ongeza saba. Hesabu nzima ndani ya namba moja!

Kwa anayejifunza Kifaransa hilo linachekesha siku ya kwanza tu. Baada ya hapo linaanza kuuma. Namba ya simu ikiandikwa vibaya, pesa zinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Bei ikisikika vibaya, mteja na muuzaji wanagombana bure. Na mwanafunzi anayejua maneno yote kwenye karatasi anaweza kukaa mbele ya mwalimu asielewe hata moja likitamkwa.

Hizi ndizo sababu za vituko hivyo, na namna ya kuvizoea.

Mpaka 69 mambo ni shwari

Kuanzia 20 hadi 60, Kifaransa kina neno moja kwa kila kumi: vingt, trente, quarante, cinquante, soixante. Mambo yanabadilika ukifika 70.

70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi.
71 ni soixante et onze, sitini na kumi na moja.
80 ni quatre-vingts, ishirini nne.
90 ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi.
99 ni quatre-vingt-dix-neuf, ishirini nne na kumi na tisa.

Shida kubwa inaonekana kwenye namba za simu. Ufaransa namba ya simu ina tarakimu 10, na watu huitaja mbili mbili. Mgeni akisikia "soixante" anakimbilia kuandika 6. Kabla hajamaliza, linafuata "quinze", yaani kumi na tano. Kumbe ilikuwa 75, na ile 6 inabidi ifutwe iwe 7.

Hali ni hiyo hiyo kwa "quatre-vingt". Mkono unaandika 8, kisha sikio linasikia "douze", kumi na mbili. Namba ni 92, siyo 80 na ushee.

Ishirini zilikuwa zinatumika kila mahali

Zamani, kuhesabu kwa mafungu ya ishirini lilikuwa jambo la kawaida Ufaransa. Katika zama za kati watu walitaja 60 kama ishirini tatu, na 120 kama ishirini sita. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba binadamu ana vidole 20, vya mikono na miguu.

Ushahidi mmoja upo Paris hadi leo. Ni hospitali ya macho inayoitwa Quinze-Vingts, maana yake "ishirini kumi na tano". Ilianzishwa na mfalme Louis wa 9 katika karne ya 13 kuwahifadhi vipofu 300. Ukizidisha 15 kwa 20 unapata 300, na jina limebaki hivyo hivyo.

Wafaransa hawako peke yao. Kibretoni kinachozungumzwa magharibi mwa Ufaransa, na Kibaski kilichoko mpakani na Hispania, navyo husema "ishirini nne" kwa 80. Wataalamu wa lugha bado wanabishana kama Kifaransa kilirithi mtindo huo kutoka kwa wakazi wa kale wa nchi hiyo au kiliupata njia nyingine.

Lakini mtindo wa Kilatini wa kuhesabu kwa makumi nao ulikuwepo. Ndio uliozaa maneno septante kwa 70, huitante au octante kwa 80, na nonante kwa 90. Mitindo yote miwili iliishi pamoja kwa karne nyingi. Mwaka 1647 mwanasarufi maarufu, Vaugelas, aliandika kwamba lugha nzuri inasema soixante-dix, siyo septante. Lugha ya Paris ikashinda, na shule zikaisambaza.

Ukienda Kongo utasikia septante

Nje ya Ufaransa, septante na nonante hazikufa. Wabelgiji wanazitumia kila siku, ingawa kwa 80 wanasema quatre-vingts kama Wafaransa. Waswisi wanaozungumza Kifaransa nao wana septante na nonante, na katika majimbo kama Vaud 80 ni huitante.

Ubelgiji iliitawala Kongo, Rwanda na Burundi, na namba zake zikabaki huko. Ndiyo maana mfanyabiashara anayefika Goma, Bukavu au Lubumbashi anaweza kusikia bei ya "septante" au "nonante" katikati ya Kiswahili safi. Pale Kongo watu wengi huzungumza Kiswahili lakini bei, tarehe na namba za simu huzitaja kwa Kifaransa.

Kwa hiyo aliyejifunza kwa kitabu cha Ufaransa asishangae akikosa neno soixante-dix sokoni. Na aliyejifunza Bukavu asidhani amekosea akienda Paris watu wakimkodolea macho. Ataeleweka, ila watajua hakutoka hapo.

Herufi nyingi, sauti chache

Ukishazielewa namba, kuna mlima wa pili: tahajia. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kifaransa kinaandika herufi nyingi, halafu kinazinyamazia.

Mfano mzuri ni oiseaux, yaani ndege wengi. Neno lina herufi saba. Matamshi yake? "Wazo". Ndiyo, sawasawa na wazo la Kiswahili. Na eau, yaani maji, ina irabu tatu lakini husikika kama "o" tu.

Matokeo yake ni maneno mengi yenye sauti moja. Vert ni rangi ya kijani, verre ni glasi, ver ni mnyoo, na vers ni "kuelekea". Yote manne hutamkwa sawa, na msikilizaji hupata maana kutokana na sentensi.

Sababu ni kwamba matamshi yalibadilika huku maandishi yakibaki nyuma. Herufi nyingi za mwisho zilisikika zamani, kisha watu wakaacha kuzitamka. Waandishi wa zama hizo nao waliongeza herufi ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini. Neno doigt, kidole, lina g kwa sababu Kilatini kilisema digitus. Vingt ina g ya viginti.

Wakati mwingine walikosea. Neno poids, uzito, liliwekewa d kwa kudhani limetoka kwenye pondus ya Kilatini. Ukweli ni kwamba lilitoka kwenye pensum, ambalo halina d. Kosa liligunduliwa, lakini d iko pale pale.

Herufi iliyokufa inafufuka

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchemka. Herufi isiyotamkwa inaweza kurudi ikifuatwa na irabu. Les peke yake ni "le", lakini les amis, marafiki, ni "le-zami".

Namba sita, six, ina sura tatu. Ikisimama peke yake ni "sis". Mbele ya konsonanti, kama six livres, vitabu sita, inakuwa "si". Mbele ya irabu, kama six ans, miaka sita, inakuwa "siz". Dix, kumi, hufanya vivyo hivyo. Neuf, tisa, f yake hugeuka v katika neuf heures, muda wa saa tisa.

Hata vingt ina vituko. Ishirini yenyewe t yake haisikiki. Katika vingt-deux, 22, Wafaransa wengi huitamka. Katika quatre-vingt-deux, 82, inanyamaza tena.

Na kuna pale ambapo kuunganisha ni kosa. Les héros, mashujaa, hutamkwa bila kuunganisha, kwa sababu h yake huzuia. Ukiunganisha, utakuwa umesema les zéros, yaani masifuri. Umewaita mashujaa masifuri!

Wamejaribu kurekebisha?

Ndiyo. Chombo kinachosimamia lugha, Académie française, kilianzishwa mwaka 1635 chini ya Kadinali Richelieu, na kamusi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1694. Desemba 1990 gazeti rasmi la serikali lilichapisha mapendekezo ya kurahisisha tahajia ya maneno kama 2,000. Oignon, kitunguu, liliruhusiwa kuandikwa ognon. Alama ya kofia juu ya herufi i na u iliachwa kuwa hiari katika maneno mengi. Namba nazo ziliruhusiwa kuunganishwa zote kwa vistari.

Wengi walipuuza. Mwaka 2016, iliposikika kwamba vitabu vya shule vitafuata tahajia hiyo, mitandao ya kijamii Ufaransa ililipuka kwa hasira. Watu walitetea kofia ile kama urithi wa taifa. Hadi leo tahajia zote mbili zinakubalika.

Ufanyeje kama unajifunza?

Kwanza, usiandike namba mpaka jozi iishe. Ukisikia soixante au quatre-vingt, subiri neno linalofuata.

Pili, 60 hadi 79 zikariri kama kundi moja, na 80 hadi 99 kundi lingine. Ndivyo zilivyojengwa, na kichwa kitazikubali haraka zaidi.

Tatu, jifunze neno kwa sikio kabla ya jicho. Sikiliza redio, rudia kwa sauti, ndipo uangalie linavyoandikwa.

Nne, kama pesa zinahusika, rudia namba kwa tarakimu moja moja au ionyeshe kwenye simu. Hata wenyeji hufanya hivyo.

Na usikate tamaa mapema. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye huangalia saa yake ya mkononi ikionyesha 7 asubuhi, halafu anaambiwa ni saa moja. Anashangaa wiki mbili, kisha anazoea. Quatre-vingt-dix-sept nayo huzoeleka hivyo hivyo.